Ami ameibiwa, mpwa yuko Maweni: sheria inamlinda nani?

SWALI: Mimi ni mkazi wa Sahare hapa Tanga. Ami yangu ni mvuvi, na miezi miwili iliyopita aliibiwa mashine ya boti usiku. Mlinzi alituambia walikuja vijana watatu, yeye akakimbia. Baada ya wiki, Ijumaa jioni, polisi walimshika mpwa wangu, mtoto wa dada, kijiweni kwake cha bodaboda bila karatasi yoyote. Usiku huohuo wakapekua chumba chake. Hatukuruhusiwa kumwona hadi Jumapili, na Jumanne ndipo akafikishwa mahakamani. Tulijua ni kesi ya wizi, tukaenda na wadhamini wawili. Kumbe hati inasema unyang'anyi wa kutumia silaha, eti walikuwa na panga, na kosa hilo halina dhamana. Yuko Gereza la Maweni, kila tarehe tunaambiwa upelelezi haujakamilika. Dada analia kwamba Serikali inaonea wanyonge. Ami anasema hizi haki za binadamu ndizo zinazolea wezi, kijana angebanwa siku ya kwanza mashine ingekuwa imeshapatikana. Nani mwenye haki kati yao?

JIBU: Ndugu yangu, pole. Kukaa katikati ya mzee na dada ni mahali pasipokalika.

Nikwambie ninavyoona kabla ya kuingia ndani. Dada yako ana hoja kubwa kuhusu Maweni, lakini hoja yake kuhusu kukamatwa ni dhaifu. Ami yako ana haki ya kuidai Serikali imtafutie mali yake, ila dawa anayoitaka ndiyo hasa inayoweza kumkosesha kesi na mashine kwa pamoja.

Tuanze na kukamatwa. Polisi hawahitaji hati ya hakimu ili kumshika mtu wanayemshuku, kwa sababu za msingi, kuwa ameiba au amenyang'anya. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya mwaka 1985 inawapa nguvu hiyo waziwazi, na mimi sioni ubaya wake. Wangelazimika kumtafuta hakimu Ijumaa jioni, mtuhumiwa angekuwa ameshavuka mpaka wa Horohoro kuingia Kenya. Wanachodaiwa ni kwamba shuku yao iwe na msingi, si sura ya mtu wala kijiwe anachokaa, na kwamba wamwambie anashikwa kwa kosa gani. Muulize mpwa wako aliambiwa nini pale kijiweni. Jibu lake lina maana kuliko ile karatasi mnayoitafuta. (Sitakupa namba za vifungu vya sheria hii. Urekebu wa sheria ulioanza kutumika Julai 2025 umepanga upya namba nyingi, na mtu akienda kituoni na namba ya zamani huchekwa badala ya kusikilizwa.)

Kuhusu siku zilizopita, kuna zile saa 24 ambazo kila mtu Tanga anazijua, ila wengi wanazijua nusu. Sheria haisemi kwamba saa 24 zikiisha mlango unafunguka. Inasema kama haiwezekani kumfikisha mtu mahakamani ndani ya muda huo, mkuu wa kituo aliangalie shauri lake na amwachie kwa dhamana ya polisi, ambayo ni bure, isipokuwa kama kosa ni zito. Akibaki ndani, afikishwe mahakamani mapema iwezekanavyo. Jumamosi na Jumapili mahakama imefungwa, hapo polisi wana sababu. Siku ya kuuliza ni Jumatatu. Jumatatu mahakama ilikuwa wazi, na kutoka kituoni hadi kwa hakimu si safari ya Pangani. Wakili wenu aulize kilichofanyika siku ile, kwa sababu hiyo inatupeleka kwenye jambo zito zaidi, yaani mahojiano.

Ami anaposema kijana angebanwa, tusifichane, anamaanisha apigwe. Basi mweleze hivi, kwa adabu, kwani mzee aliyeibiwa kitega uchumi chake hana moyo wa kuhubiriwa. Kwetu Tanzania ungamo alilotoa mtu mbele ya polisi linakubalika mahakamani, kwa sharti kwamba alilitoa kwa hiari yake, na upande wa mashtaka ndio wenye mzigo wa kuthibitisha hiari hiyo. Si kila nchi imewapa polisi wake nafasi kubwa namna hiyo. Kwa sababu nafasi ni kubwa, sheria ikaizungushia ua: mtuhumiwa aambiwe kwamba halazimiki kujibu lolote zaidi ya jina lake na anapokaa, aambiwe atakalosema linaweza kutumika dhidi yake, na ahojiwe ndani ya muda wa saa 4 tangu aliposhikwa. Muda wa kumsafirisha hadi kituoni, au wa kuwasiliana na wakili wake, hauhesabiwi. Mkuu wa kituo anaweza kuongeza muda usiozidi saa 8, na zikihitajika zaidi aombe kwa hakimu.

Sasa chukulia askari amemweka kijana lokapu tangu Ijumaa, akaandika maelezo ya onyo (maelezo ya mtuhumiwa mbele ya polisi) Jumatatu usiku baada ya "kumbana". Mahakamani wakili anasimama anapinga, shauri dogo linafunguliwa ndani ya shauri kubwa, na maelezo yale yanawekwa kando. Kama kesi nzima ilikuwa imelalia maelezo hayo, imekufa. Mahakama ya Rufani imeshafuta maelezo mengi yaliyochukuliwa nje ya muda, na watu waliokuwa wamehukumiwa wakarudi nyumbani. Anayeumia hapo ni nani? Ni ami. Mashine hana, mfungwa hana, na askari aliyefupisha njia ameshahamishiwa wilaya nyingine.

Lakini nisimpake ami rangi mbaya. Watu husema mwizi huachiwa kwa kakosa kadogo ka karatasi, na kama sheria ingekuwa hivyo ningesimama upande wake. Sheria haiko hivyo. Ile ya mwenendo wa jinai ina kifungu kinachosema ushahidi uliopatikana kwa kuvunja utaratibu usipokelewe, isipokuwa hakimu akiridhika kwamba kuupokea kutayafaa maslahi ya umma bila kuumiza kupita kiasi haki za mtu yeyote. Anapima uzito wa kosa na udharura wake, ukubwa wa ukiukaji wenyewe, na kama ushahidi huohuo ungeweza kupatikana kwa njia halali. Katika rufaa ya Nyerere Nyague, Mahakama ya Rufani ilisema wazi kwamba si kila ukiukaji unaufuta ushahidi papo hapo. Askari aliyechelewa kwa nusu saa kwa sababu gari lilikwama tope hapimwi sawa na aliyeshika rungu. Mimi hukipenda kifungu hiki kuliko hotuba zote nilizosikia kuhusu haki na usalama, kwa sababu kinamkabidhi mtu mmoja, hakimu, kazi ya kupima kwa jambo lililo mezani na kutoa sababu.

Kama kijana alipigwa, hilo lisingoje. Amwambie hakimu, hata tarehe ya kutajwa tu, naye hakimu aandike kwenye jalada na kuelekeza atibiwe kwa PF3, fomu ya polisi ya matibabu. Kovu lililoandikwa na daktari wa Hospitali ya Bombo linasema kuliko mashahidi kumi wa kifamilia. Na kama alipelekwa kwa mlinzi wa amani (ofisa asiye polisi, mara nyingi hakimu, anayeandika ungamo) kuandika ungamo, huyo alipaswa kumkagua mwili kwanza; ulizeni ukaguzi huo ulionyesha nini.

Upekuzi wa usiku nao una mawili. Wengi hawajui kwamba mkuu wa kituo mwenyewe anaweza kuwapa askari wake idhini ya maandishi ya kupekua, bila kwenda kwa hakimu. Nguvu hiyo ni kubwa kuliko mnavyofikiri. Ila hati ya upekuzi hutumika kati ya jua kuchomoza na kuzama mpaka mahakama iruhusu vinginevyo, na upekuzi bila hati ni wa dharura, pale kuchelewa kungepoteza ushahidi. Je, mashine ya boti, iliyoibwa wiki nzima kabla, ingepotea chumbani kati ya saa tatu usiku na alfajiri? Mimi ningetaka kumsikia askari akijibu.

Kilicho muhimu zaidi ni walichotoka nacho. Kila kitu kilichochukuliwa lazima kiandikwe kwenye hati ya ukamataji mali, isainiwe na mwenye chumba na shahidi aliyekuwepo, na mwenye chumba apewe stakabadhi. Kama walibeba simu na spana mbili na hakuna kilichoandikwa, kesho spana hizo zinaweza kuwa tatu, au zikawa "zilizofungulia mashine". Kinyume chake, kama hati ipo na inasema hakuna kilichopatikana, itunzeni vizuri.

Na hapa nina swali kwa ami: aliwapa polisi namba ya mashine? Kila mashine ya nje ina bamba dogo lenye namba, kwenye kile chuma kinachoishikilia kwenye tezi ya boti, na namba hiyohiyo mara nyingi huwa kwenye risiti ya dukani. Ukiwa nayo, fundi wa Pangani au wa Mkinga aliyeletewa mashine ya bei ya kutupa anaweza kuulizwa, na atakayekutwa nayo muda mfupi baada ya wizi, akashindwa kueleza aliipataje, ana kesi ya kujibu bila mtu yeyote kubanwa. Nguvu za dola zinafanya kazi hivyo pia. Niwe mkweli: ukali wa ami ungezaa zaidi kama angeuelekeza hapo, aende kituoni na namba yake ya RB, yaani ya taarifa aliyoandikisha polisi, kila wiki aulize wamefika wapi. Ni haki yake kama mlalamikaji, na haimpunguzii mpwa wako chochote.

Tukifika kwenye dhamana, hapo nipo na dada.

Katiba yetu ya 1977 haikuwa na orodha ya haki za msingi ambayo mtu angeweza kuidai mahakamani. Ziliingizwa kwa mabadiliko ya 1984, nayo Serikali ikajipa hadi Machi 1988 kabla ya mwananchi kuruhusiwa kwenda kuzidai, ili isafishe sheria zake. Nchi ilikuwa na mambo ya kusafisha: Sheria ya Kuwekwa Kizuizini ya 1962 ilimruhusu Rais kumfungia mtu bila kesi kabisa. Ibara ya 13 sasa inakataza kumtendea mshtakiwa kana kwamba ana hatia kabla haijathibitika. Ya 15 inakataza kumnyima mtu uhuru isipokuwa kwa utaratibu wa sheria. Halafu inakuja ya 30, ambayo watetezi wengi huipita haraka: haki hizo zina mipaka, na Bunge linaweza kutunga sheria kwa ajili ya usalama na maslahi ya jamii. Ami yuko ndani ya Ibara ya 30, dada yuko ndani ya 13 na 15. Wote wamo kwenye Katiba.

Nani anaamua mpaka upite wapi? Mwaka 1991, katika shauri la Daudi Pete, Mahakama ya Rufani ilikibatilisha kipengele kilichozuia dhamana kwa mashtaka yenye shambulio kubwa, tishio la nguvu au silaha ya moto. Kilikuwa kipana mno, na hakikuwa na kinga yoyote dhidi ya matumizi mabaya. Miaka miwili baadaye, katika shauri la Kukutia ole Pumbun, ikaweka kipimo ambacho mawakili wanakitumia hadi leo: sheria inayopunguza haki isiwe ya kiholela, na isipunguze zaidi ya kinachohitajika kufikia lengo halali. Mwaka 2018, katika shauri la Mtobesya, ikaondoa nguvu ya Mkurugenzi wa Mashtaka ya kuzuia dhamana kwa cheti chake tu. Mpaka hapo ungedhani upepo unavuma upande mmoja. Lakini Agosti 2020, katika shauri la Dickson Sanga, Mahakama hiyohiyo ilikataa kuifuta orodha ya makosa yasiyo na dhamana. Mahakama Kuu ilikuwa imeifuta Mei ya mwaka huo. Kwa hiyo unyang'anyi wa kutumia silaha umebaki humo pamoja na mauaji, uhaini, ugaidi na utakatishaji fedha.

Uamuzi huo ndio sheria na hakimu wa Tanga hawezi kuukwepa, msimlaumu. Mimi binafsi nadhani uliipa Serikali kingi mno. Hoja yangu si kwamba kila mshtakiwa aachiwe. Wapo ambao ningeogopa kukutana nao njiani. Hoja ni kwamba hakimu anazuiwa hata kuuliza. Hawezi kuangalia kama kijana ana kwao, ana kazi, ana wadhamini wawili wamesimama mlangoni na barua za mtaa. Jina la kosa limeshajibu yote. Na jina hilo haliandikwi na hakimu, linaandikwa na upande wa mashtaka.

Angalia kesi yenu. Ikiitwa wizi, adhabu haizidi miaka 7 na dhamana ipo. Ikiongezwa panga na mtu aliyetishiwa nalo, adhabu ya chini kabisa ni miaka 30 na dhamana hakuna. Tofauti yote imebebwa na sentensi moja ya mlinzi. Aliwaambia alikimbia, aliliona panga? Lilielekezwa kwake? Mahakama ya Rufani imesema hati ya mashtaka ya kosa hili lazima itaje ni nani aliyetishwa au kufanyiwa nguvu. Chukueni nakala ya hati, muisome neno kwa neno na wakili. Ikiwa haimtaji mtu, hilo ni jambo la kulisemea mapema.

Mlinzi huyohuyo ndiye anayebeba utambuzi. Tangu shauri la Waziri Amani la 1980, mahakama zetu huuchukulia utambuzi wa macho, hasa wa usiku, kama ushahidi dhaifu mpaka mashaka yote yaondolewe: alimwona kwa umbali gani, kwa muda gani, kwa mwanga wa nini, na je, alikuwa anamfahamu kabla. Ufukweni usiku, mtu anakimbia, taa pengine ni ya nyumba ya jirani. Kama alimfahamu kijana, alimtaja jina siku ileile? Kama hakumfahamu, kulifanyika gwaride la utambulisho, yaani shahidi kumchagua mtuhumiwa kati ya watu waliopangwa mstari?

Sasa "upelelezi haujakamilika". Mwaka 2022 sheria ilirekebishwa ili kwa makosa mengi mtu asifikishwe mahakamani kabla upelelezi haujakamilika. Makosa mazito yakaachwa nje, na la mpwa wako ni zito. Kinachomlinda ni ukomo wa kuahirisha: kesi isipoanza kusikilizwa, siku 60 zikiisha polisi wa upelelezi wa mkoa walete cheti cha kuomba muda, zikiisha tena, cheti cha wakili wa Serikali, kisha cha Mkurugenzi wa Mashtaka, na kwa jumla isizidi miezi 24. Hakuna cheti, hakimu asikilize au amwachie. Kwenu siku 60 zinakaribia, basi zihesabuni tangu alipofikishwa, na tarehe hiyo wakili aulize cheti kiko wapi. Kuna kasoro ambayo sitaificha: aliyeachiwa namna hii anaweza kukamatwa tena kwa kosa lilelile, na nimeona watu wakishikwa kabla hawajafika geti la nje. Ndipo ninaposema mizani yetu haijapinda sana kwenye siku ya kukamata. Imepinda kwenye miezi inayofuata, ambako hakuna anayepiga kelele isipokuwa mama mwenye kapu la chakula. Rais aliunda tume ya kuangalia taasisi za haki jinai Januari 2023, chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman, nayo ikakabidhi ripoti Julai mwaka huo. Msongamano wa mahabusu na ukamataji holela vilikuwa miongoni mwa malalamiko yaliyosikika.

Kitu kimoja kabla hujaulizwa. Ami atashauriwa barazani aende kwa mkuu wa wilaya ili wale vijana wawili waliobaki "wawekwe ndani saa 48". Nguvu hiyo ipo katika Sheria ya Tawala za Mikoa ya 1997, lakini ni kwa ajili ya kuzuia uvunjifu wa amani usiozuilika kwa njia nyingine, kwa sababu zilizoandikwa, na mtu afikishwe kwa hakimu. Si chombo cha upelelezi wa mashine ya boti. Aachane nayo.

Wakili mkimkosa kwa pesa, ombeni msaada wa kisheria chini ya sheria ya 2017. Hakimu pia anaweza kuagiza mshtakiwa apatiwe, na wasaidizi wa kisheria wapo wilayani. Upande wa mashtaka wakija na mazungumzo ya kukiri kosa kwa makubaliano, utaratibu uliopo tangu 2019, kijana asisaini chochote bila wakili pembeni, hata akichoka na Maweni. Wapo wanaokiri ili watoke tu. Naye ami ajue kwamba mahakama ikimtia mtu hatiani inaweza kuamuru fidia au kurudishiwa mali, basi risiti na hesabu ya siku za kukosa bahari azihifadhi.

Mwisho kuna onyo, nalo ni lako wewe. Usiende kwa mlinzi. Najua utataka umuulize lile panga, mnaonana kila alfajiri boti zikiingia. Ukimuuliza, kesho itasemwa umemtisha au umempa kitu. Utashtakiwa wewe, na jibu lake hata likiwa la kweli halitaaminiwa tena. Muacheni aulizwe na wakili, kizimbani, akiwa ameshaapa.